Injini Haiogeshwi

Ukitaka kuona Land Rover kuukuu ikisukumwa Tumati, Mbulu, usingoje masika. Ngoja Jumamosi mwenyewe anapoamua kuiosha injini. Tope la huko gari hilo limelizoea. Ndoo mbili za maji na sabuni ya unga ndizo zinazolilaza, wala hakuna uchawi. Injini ya petroli ya Land Rover Series III, ile ya lita 2.25, hugawa umeme wa plagi kwa distribyuta yenye kifuniko kilichobanwa kwa klipu mbili tu. Umeme huo ni wa maelfu ya volti lakini mvivu: ukikuta unyevu ndani ya kifuniko, hupitia humo humo na plagi haipati kitu. Gari linamisi, linakohoa, linanyamaza. Badala ya kufuta kifuniko kwa kitambaa kikavu, mwenyewe huchomoa nyaya zote nne, huzikausha, kisha huzirudisha kama alivyofundishwa darasa la kwanza: moja, mbili, tatu, nne. Injini hiyo huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Kwa hesabu zake silinda moja imepata, tatu zimekosa, na ekzosi inapiga mlio wa kutawanya kuku wa kitongoji kizima.

Wapo watakaosema basi tuiache chafu, maana oili inayovuja huzuia kutu. Kweli nusu. Bodi ya Land Rover ilifanywa ya aluminiamu mwaka 1948 kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, ila fremu ni chuma, na oili imeziokoa fremu nyingi. Lakini oili haichagui. Huvimbisha mipira inayoshikilia injini, huozesha hosi, na ikishikana na vumbi hugeuka gamba linalozuia joto kutoka; likiwa karibu na ekzosi linaweza hata kushika moto. Kwa hiyo injini isafishwe, ila isiogeshwe. Iwe imepoa, waya wa betri umetolewa, kisha kukwangua, brashi, matambara na dizeli kidogo ndani ya kopo. Petroli hapana, kwa anayezipenda nyusi zake. Distribyuta na kabureta zifunikwe kwa mfuko wa nailoni, kama umebaki mmoja nyumbani tangu ipigwe marufuku Juni 2019.

Mwingine atauliza mbona mjini injini zinapigwa maji ya pampu na gari linaondoka. Mengi ya magari ya siku hizi hayana distribyuta ya kulowana. Kila plagi ina koili yake iliyozibwa kwa mpira. Tena mjini fundi yuko jirani na pampu. Usafi wa kukwangua hauleti mng'ao, na mimi sioni kuwa hiyo ni hasara: wiki ikipita, oili mpya kwenye kifuniko cha tapeti inaonekana, na unajua gasketi ipi ya kubadili. Mnunuzi mzoefu akifungua boneti akakuta injini inang'aa, haulizi bei. Anainama kwanza kutazama kinachodondoka chini ya gari.