Mada Elekezi: Kindi Mezani, kwa Mtazamo wa Mtaalamu Pekee

Mheshimiwa Mwenyekiti, mgeni rasmi ambaye nimearifiwa hatafika, viongozi wa dini, bwana afisa wanyamapori, wazee, akina mama, na ninyi vijana mnaochungulia madirishani kwa sababu viti vimekwisha: karibuni kwangu. Najua ukumbi ni wa kata yenu, lakini popote ninapotoa mada hapakawii kuwa kwangu.

Mwenyekiti amenitambulisha kwa haraka mno. Amesema mimi ni "mtu wa vyakula". Naomba kumbukumbu za kikao zirekebishwe: mimi ni Dokta. Shahada yangu ni ya heshima. Nilitunukiwa katika ukumbi wa hoteli, joho likiwa la kukodi na risiti ikiwa halali. Wapo walioota mvi maktaba wakitafuta za kwao, na chuki yao juu yangu naijua. Nimewasamehe.

Kijana wa projekta, tuanze. Slaidi ya kwanza: mimi. Ya pili: mimi, uwanja wa ndege wa Heathrow. Ya tatu hadi ya saba mtazipitia wenyewe, ni mimi katika mavazi tofauti. Ya nane ndiyo yenye sayansi: mimi nikiwa Hyde Park, London. Ukitazama juu ya bega langu la kushoto, pale kwenye tawi, utaona kitu cha kijivu. Yule ndiye kindi. Nilikuwa nimemwambia mpiga picha aniache mimi tu, lakini utafiti ndivyo ulivyo, hujitokeza wenyewe.

Basi, kula nyama ya kindi: nani anaila, nani anaitema, na kwa nini. Kabla yangu hakuna aliyeligusa jambo hili kwa kina. Mzee wangu wa safu ya nyuma, shikamoo, naona umeinua mkono. Maswali ni mwisho.

Nianzie nyumbani. Kindi mnamjua. Mkishamaliza kupanda mahindi tu, yeye anaufuata mstari shimo baada ya shimo, anafukua mbegu, na mvua ikija inakuta shamba lina vishimo vitupu. Watoto humtega, humchuna, humbanika. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nilikuwa bingwa wa mitego. Kijiji kizima kilikuwa kikiniita nikawategee, na hakuna jioni niliyolala bila...

Bwana afisa, naona umefungua daftari. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 naifahamu vizuri, tena kuliko baadhi ya wanaoisimamia. Kuwinda kunataka kibali. Kwa hiyo ieleweke kuwa mitego niliyoitaja ilikuwa ya mfano, na nyama ilikuwa ya kinadharia. Funga daftari, ndugu yangu, tuendelee kama wasomi.

Twende Marekani, ambako jambo hili lina hadhi. Kule kusini, hasa Kentucky, kuna mchuzi mzito unaoitwa burgoo. Hupikwa katika masufuria makubwa watu wanapokusanyika, na zamani kindi hakukosekana ndani yake. Kuna familia ambazo kwao ubongo wa kindi ni kitoweo cha fahari, hukaangwa pamoja na mayai. Nilipofika huko kama mgeni wa heshima, sikupewa paja wala mgongo, nilipewa kichwa. Niliambiwa hawampi kila mtu. Nikakila chote, na wenyeji wakasimama kunipigia makofi.

Hapo sasa naomba niwatahadharishe kitaalamu. Mwaka 1997, madaktari wa Kentucky waliandika katika jarida la Lancet kuhusu wagonjwa 5 wenye maradhi ya Creutzfeldt-Jakob, yale yanayotoboa ubongo hadi mtu anapoteza kumbukumbu, anapepesuka, na hatimaye anakufa. Wote 5 walikuwa na mazoea ya kula ubongo wa kindi. Wanasayansi wengine hawakuridhika, kwa kuwa ugonjwa wenyewe haukuwa umeonekana kwa kindi. Kwa hiyo hoja yangu ya pili...

Hoja yangu ya pili ilikuwa hapa hapa. Msicheke, huo ni uchovu wa barabara.

Hata hivyo nifafanue. Sahani ile iliwekwa mbele yangu, nami nikaikagua. Niliposema "nikakila" nilikuwa natumia lugha ya picha. Makofi yalikuwa ya ukaguzi.

Tusonge mbele. Kuna mchuzi mwingine, Brunswick stew, ambao watu wa Virginia na watu wa Georgia wanaugombania hadi leo, kila upande ukidai ulianzia kwake. Hapa ndipo unapoona tofauti ya wenzetu na sisi. Mzungu akimshika kindi, anamfanyia fikra, anamwekea kipimo, anamtolea historia. Sisi tunamtia motoni na chumvi. Virginia wanasema ilikuwa mwaka 1828: Dokta Creed Haskins alikwenda porini kuwinda na rafiki zake, na waliporudi wakakuta chungu cha kindi, vitunguu, siagi na mkate mkavu. Kilichopikwa na... Nimeandika kwa mwandiko mbaya hapa. Kilichopikwa na mpishi wake, Jimmy Matthews. Mtu mweusi. Ndiye aliyewawinda hao kindi, ndiye aliyewapika, na ile tume ya waheshimiwa ikarudi kula. Sidhani kama jambo hilo linaathiri hoja yangu, ila tulipite upesi.

Tulipite tufike kwa wakubwa. Mike Huckabee, aliyepata kuwa gavana wa Arkansas, alipogombea kuteuliwa kuwania urais mwaka 2008 alisema hadharani kwamba alipokuwa chuoni walikuwa wakikaanga kindi bwenini, ndani ya mashine ya kutengenezea bisi, kwa sababu ndicho chombo pekee walichoruhusiwa kuwa nacho chumbani. Mgombea wa ngazi ile! Hapa kwetu diwani akikutwa na mkia wa kindi mfukoni, uchaguzi umemshinda kabla ya kampeni.

Namna ya kumchuna nayo ina maandiko. Kitabu cha mapishi kiitwacho Joy of Cooking, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1931 na kukaa katika jikoni nyingi za Marekani, kilikuwa na mchoro katika matoleo yake ya zamani: kiatu kimekanyaga mkia wa kindi, mikono inavuta kwenda juu, ngozi inatoka kama soksi. Nilikusudia kuwaonyesha kwa vitendo. Mwenyekiti alikubali hata kututafutia kifaa cha kufundishia, kabla bwana afisa hajaingia. Lakini viatu hivi ni vya ngozi laini, nilivinunua London, duka ambalo bei haibandikwi, na muuzaji aliniambia visikanyage kitu chenye mafuta. Mzee wa safu ya nyuma anasema yeye humchuna kwa kidole gumba na wembe, peku. Asante, mzee. Hiyo tunaiita mbinu ya asili.

Nafika Uingereza, kilele cha mada. Kindi wa kijivu si mwenyeji kule. Alitoka Marekani ya Kaskazini. Mwaka 1876 tajiri mmoja alimwachia katika bustani zake za Henbury, Cheshire, apendezeshe macho. Leo wamezidi milioni 2. Wanabandua magome ya miti, na wanabeba virusi vya ndui visivyowadhuru wao ila vinamuua kindi mwekundu, mwenye nchi, ambaye sasa analindwa na sheria ya mwaka 1981. Mgeni aliyeletwa kwa ajili ya sura, anatafuna kila kitu, anaambukiza wenyeji na bado anajiona pambo. Nimeshangaa kuona ukumbi mzima unanitazama mimi. Nazungumzia kindi.

Sasa Mwingereza anaambiwa amle huyo wa kijivu ili amwokoe mwekundu. Mwaka 2010 duka moja la vyakula la Crouch End, kaskazini mwa London, liliweka nyama hiyo rafuni, ikawa inanunuliwa, na watetezi wa wanyama wakaja juu wakisema ni mauaji. Mimi nilikwenda kulitazama duka hilo kwa unyenyekevu mkubwa. Pale ndipo nilipoelewa falsafa nzima: anayekula kindi Cheshire anaokoa misitu, anayekula kindi hapa kwetu ana njaa. Yule ni mhifadhi. Huyu ni mshamba. Nyama ni ileile, lakini msomi haangalii nyama, anaangalia sahani.

Kwa upande wa imani, naona shehe na mchungaji wamekaa pamoja, nami sitaki kuwatenganisha. Ndugu zetu Wasabato wana Walawi 11: mnyama acheue na awe na kwato zilizopasuka. Kindi hacheui, kwato hana. Katika fikihi, wanazuoni wenyewe hawakukubaliana; wapo wanaomhalalisha, wapo wanaomkataza. Shehe anataka kufafanua. Shehe wangu, muda.

Afya, kwa sentensi chache. Kongo, ambako kindi wa msituni huliwa na wengi, virusi vya mpox vilitolewa mwaka 1985 kwa kindi wa porini aliyekutwa mgonjwa, wakati huo nchi ikiitwa Zaire. Kwa hiyo mnyama aliyekutwa anazubaa chini ya mti asichukuliwe na watoto, na anayemshika na kumchuna yuko hatarini zaidi kuliko anayemla akiwa ameiva sawasawa. Mengine mtasoma katika kitabu changu, kitakapoandikwa.

Na mapishi? Utafiti wangu, ambao nimeukamilisha sasa hivi kutokana na minong'ono ya safu ya nyuma, unaonyesha kuwa kindi mzee achemshwe muda mrefu kwa moto mdogo, la sivyo utatafuna hadi kesho. Mchanga abanikwe tu. Tena ladha yake hufuata alichokula: wa karanga ni mtamu, wa jalalani mwacheni. Naomba matokeo hayo yasinukuliwe bila kutaja jina langu.

Haya, mzee, uliza.

Swali ni kama mimi nimewahi kumla kindi. Mzee wangu, hilo ni swali la darasa la nne. Anayesoma habari za jua hajawahi kulikanyaga. Isitoshe, nina tumbo jepesi, na mama wa jikoni anajua kuwa sahani yangu ni ile ya kuku.

Mhasibu asiondoke. Nimeona kwenye fomu ya posho jina langu limeandikwa bila "Dkt.", na nauli imehesabiwa ya basi la kawaida. Yarekebishwe yote mawili. Na yule mzee wa safu ya nyuma asainishwe kama mshiriki. Ametoa maoni tu, hakutoa mada.