Utangulizi wa Kadiodromolojia ya Mutomo

Mwanafunzi, keti, na simu izime. Somo letu ni kadiodromolojia, yaani elimu ya moyo wa mtu anayekimbia huku anasoma ramani kwa kushindana. Usipoielewa elimu hii, hakuna kingine utakachokielewa, ndoa na kodi zikiwemo.

Mbio za ramani ni hivi: unapewa karatasi na dira, unatafuta vituo vilivyotawanywa porini kwa mfuatano wake, na mwenye dakika chache ndiye mshindi. Norway ilizifanya hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 31 Oktoba 1897, na Finland ikaandaa mashindano ya kwanza ya dunia mwaka 1966. Huko kuna misonobari na umande. Mimi nimeichagua Mutomo, kusini mwa Kitui, penye migunga, mawe na jua la kupasua kichwa, kwa sababu sayansi haifanywi kivulini.

Fasili. Moyo ni msuli. Mshindani ni moyo ulioajiri miguu. Shinikizo ni mtu mwingine.

Kuhusu ala. Willem Einthoven, Mholanzi aliyetunukiwa Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake ya kunakili umeme wa moyo, aliwatumbukiza watu mikono miwili na mguu mmoja katika vyombo vya maji ya chumvi. Nautambua mchango wake. Lakini hakuna apandaye kilima cha Mutomo na ndoo tatu, na ndoo tatu za maji zikionekana huku wakati wa kiangazi hazibaki za utafiti. Mimi hutumia vidole viwili shingoni, sekunde 15, kisha nazidisha mara nne.

Aina ya 1: Tachikadia Tangulizi. Miguu iko mstarini, ramani bado imefunikwa, moyo umeshaondoka. Mpwa wangu ana miaka 17. Kanuni ya 220 kutoa umri, ambayo ni ya kukadiria tu, inampa kilele cha mapigo 203 kwa dakika. Nilimkuta na 116 kabla hajainua unyayo. Hakuna msuli ulioiagiza damu hiyo. Adrenalini ndiyo iliyotangulia sokoni bila kutumwa. Aina hii ina matawi: 1(a) anayeogopa kushindwa, 1(b) anayeogopa kushinda, na 1(c) aliyesahau kwenda msalani. Kwa vidole hayatofautiki hata kidogo, ndiyo maana yanahitaji mtaalamu.

Aina ya 2: Mdundo-jua. Damu inakimbilia kwenye ngozi ili kuupoza mwili, moyo unafidia kwa kuongeza kasi. Hata punda anao. Tupite.

Aina ya 3 haipo. Nimeihifadhia nafasi yake ili Aina ya 4 isijidhanie ya tatu.

Aina ya 4: Opisthofonia, au Mdundo-mgongo. Hapa, mwanafunzi, shika kalamu vizuri. Katika mbio hizi washindani huachiwa mmoja mmoja, kwa kupishana dakika kadhaa, ili asiwepo wa kumfuata mwenzake kama mbuzi. Kwa hiyo ukisikia vishindo nyuma yako, aliyeondoka baada yako amekufikia. Uko mbele, na umeshashindwa. Moyo hulijua hilo kabla ya kichwa.

Niliishuhudia nikiwa katika kituo changu cha uangalizi, yaani kigodani kwa susu (bibi) mmoja, chini ya mwarobaini, na kibuyu cha uji mkononi. Bendera ya kituo cha mbio ni ya rangi ya chungwa na nyeupe, sentimita 30 kila upande. Susu naye alikuwa ameanika leso ya chungwa na nyeupe juu ya ua wa minyaa. Ramani ya 1:50,000, ambapo milimita moja ni mita 50 za miiba, haitaji nguo za mtu. Mpwa wangu akatokea mbio, akaikamata leso kwa mikono miwili.

“Wewe ni wa nani?” susu akauliza.

Ukumbuke kwamba huku Mutomo, mkubwa hapitwi bila salamu. Kijana akasimama, akasalimu, akajibu. Wa nani kwa upande wa mama? Akajibu. Nyanya yake bado anaumwa goti? Miguu imetulia tuli, na mshipa wa shingo unaruka kama chura ndani ya mfuko. Mimi nilinyamaza, nisiuchafue utafiti. Ndipo vishindo vikasikika nyuma ya minyaa, vikapita, vikapotelea bondeni.

Huo ndio Mdundo-mgongo Simamizi, 4(b), na sijui maabara ya Ulaya iliyoupata, kwa kukosa susu.

“Na huyo aliyepita bila kusalimu,” susu akaniuliza, “ni wa nani?”

Nikamwomba mkono wake nimhesabu mapigo. Akauchukua uji wangu.