Mwizi wa Kuku Kapata Makaratasi

Columbus, Ohio

Mjomba,

Zuhura ameniambia mtandao ulikatika nikiwa katikati ya maelezo, na kwamba nusu iliyokufikia ni kuwa mpwa wako anaishi na chui Marekani na mama mwenye nyumba anamlisha kwa mkono. Nimesikia hadi kisomo kimefanyika. Nawashukuru waliohudhuria, hasa waliochangia sukari, ila jamaa si chui. Ni mjukuu wa mondo. Mondo yuleyule unayemjua, miguu mirefu, masikio yanayokaribia kukipita kichwa, anayeruka wigo wako wa miiba usiku na kutoka na tetea mdomoni kabla mbwa hajamaliza kupiga miayo.

Babu yake mzaa mama ni mondo kamili. Bibi yake ni paka wa kawaida wa kukaa dirishani. Huku ukoo huu unaitwa Savannah, na watu wanaupangia foleni.

Naomba Zuhura akusomee taratibu, na asiruke sehemu za bei.

Neema hii, au mkosi huu, inategemea unauza paka au unafuga kuku, ilianza tarehe 7 Aprili 1986 katika jimbo la Pennsylvania, jirani zetu hapa upande wa mashariki. Kwa mfugaji mmoja, Judee Frank, paka jike wa Siam alizaa na mondo dume aitwaye Ernie. Mtoto wakamwita Savannah, na jina la mtoto likawa jina la ukoo mzima. Mwaka 2001 chama cha kimataifa cha paka, TICA, kikakubali kuusajili, na mwaka 2012 kikauruhusu kuwania ubingwa. Ndiyo, Mjomba, paka wanawania ubingwa. Wanasimamishwa mezani, mtu mzima aliyevaa koti anawapima mkia, na watu wanapiga makofi.

Usidhani kumpata ni kazi nyepesi. Mondo dume wengi hawamtaki paka kabisa. Ukimletea mchumba anaona kitoweo. Inabidi wakuzwe pamoja tangu wadogo ili azoee kuwa yule ni mtu wa nyumbani. Halafu mimba ya mondo hukaa kama siku 74 na ya paka kama 65, kwa hiyo vichanga wa mseto wengi huzaliwa njiti na kulelewa kwenye joto la mashine. Ndiyo maana chotara wa kwanza, mtoto wa mondo mwenyewe, bei yake huweza kufika dola 20,000. Hizo ni kama shilingi milioni 50 za kwetu. Najua Mama Zuhura sasa hivi ameshika kichwa. Mwambieni akae. Huyu wetu ni kizazi cha pili, ana nafuu ya bei, lakini mama mwenye nyumba hataki kutaja alichotoa. Akiulizwa anaanza kupangusa meza.

Mama huyu ni mstaafu, ananipangisha chumba cha chini ya ardhi, na ni mtu mwema. Siku ya kuonyeshwa chumba aliniuliza kama paka hunidhuru kifua. Nikasema la, kwetu paka hukaa jikoni, anakula vichwa vya dagaa, na hakuna anayemuuliza hali. Hakunieleza kwamba mwenzangu ana kilo kumi na hutazama watu akiwa juu ya friji. Savannah anaweza kuruka juu mita mbili na zaidi akiwa amesimama tu, bila kukimbia kwanza. Dari la chumba changu halifiki hapo. Nimelipima.

Sasa Mjomba, kuna jambo ambalo ningependa ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia mtaani. Paka huyu anaitwa Jabari.

Sikumpa jina mimi. Mama alilitoa kwenye kitabu cha majina ya watoto, sehemu ya Afrika, kwa sababu lilimpendeza. Paka wa Ohio wana majina ya kwetu kuliko watoto wetu tuliowazaa huku, ambao wengi ni Brandon. Kwa hiyo kila asubuhi nasikia juu ya kichwa changu: "Jabari, shuka mezani! Jabari, usikojolee hapo!" na mimi, kwa malezi mliyonipa, nasimama kwa heshima kila ninapolisikia jina hilo. Mara ya kwanza mama alidhani nina maumivu ya mgongo.

Msifanane kwa lolote zaidi ya jina, namuomba Mungu. Madume wa mseto huu, tangu kizazi cha kwanza hadi karibu cha nne, hawazai, kama nyumbu wa punda na farasi. Yaani si yeye tu. Wajomba zake wote pia hawazai. Wewe mwenye watoto kumi na mmoja nimeona nikupe habari hiyo taratibu.

Maisha ya kila siku ni hivi. Paka wa kwetu akiona maji anakimbia. Huyu akiyasikia anakuja. Anaingiza mikono kwenye ndoo, anavua sabuni, na anajua kufungua milango, kwa kuwa vitasa vya nyumba hii ni vile vya kubonyeza chini na yeye akisimama kwa miguu ya nyuma anavifikia. Nikiwa nimejipaka povu usoni chini ya bomba la mvua, nasikia mlango umefunguka, na siwezi kufungua macho. Kisha kitu chenye manyoya kinapita kati ya miguu yangu. Nimesoma Ayatul Kursi bafuni, Mjomba, mahali ambapo najua haifai kuisoma. Nadhani nitasamehewa kwa dharura.

Kukojolea vitu ni suala jingine. Madume wana tabia ya kurusha mkojo ukutani kuweka mipaka, na huyu, ingawa amehasiwa, bado anayo. Nimehesabiwa kuwa sehemu ya mipaka yake. Sanduku langu limewekewa mpaka. Kanzu ya Idi uliyonitumia imewekewa mpaka mara mbili, mara ya pili baada ya kuifua, kwa sababu harufu ya sabuni ilikuwa imemfutia hati yake.

Nije kwenye chakula. Jabari anakula kuku. Halali kwake kabisa, hakuna anayemrushia panga. Mapaja ya kuku mbichi yanakuja kwa gari hadi mlangoni, yanapimwa kwenye mizani, yananyunyiziwa unga wa taurini, kwa kuwa paka asipopata kitu hicho moyo hudhoofika na macho huharibika. Mimi nala maharage. Na huko nyuma ya nyumba mama amejenga kibanda cha waya ili mheshimiwa apunge hewa bila kutoroka. Waya wenyewe, nimeushika kwa mikono yangu, ni uleule wa matundu ya pembe sita uliozungushia banda lako. Kwako waya umewafunga kuku ili mondo asiingie. Huku waya umemfunga mondo, na kuku wanaletwa.

Mitaani anatembea na kamba na mkanda wa kifuani, na mimi ndiye ninayemtembeza kwa makubaliano ya kupunguziwa kodi. Hapo ndipo utawaona Wamarekani. Mzee mmoja alivuka barabara, akageuka, akavuka tena kututazama vizuri, kisha akaniuliza mnyama huyu anatoka wapi. Nikasema babu yake anatoka Afrika. Akaniuliza, na wewe? Nikamwambia mimi sihitaji kurudi hadi babu, natoka hukohuko moja kwa moja. Akamwinamia Jabari na kumkaribisha Marekani.

Makaratasi yake, kusema kweli, yamenyooka kuliko yangu. Oktoba 2011, mji wa Zanesville, kama mwendo wa saa moja kwa gari kutoka hapa, mtu mmoja alifungua vizimba vya simba, chui milia na dubu aliokuwa akiwafuga, kisha akajiua. Askari walilazimika kuwapiga risasi wanyama karibu 50 usiku ule. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria ya wanyama hatari, na mondo yumo kwenye orodha, pamoja na simba. Lakini sheria hiyohiyo inasema chotara wake, Savannah, hahusiki. Babu ni hatari kwa umma, mjukuu ni mkazi. Akivuka mipaka ya jimbo ndipo anaanza kuonja tunayoyaonja sisi: Georgia hawamtaki, Hawaii hawamtaki. Jimbo la New York linamkubali kuanzia kizazi cha tano, lakini jiji la New York lenyewe halimtaki wa kizazi chochote. Australia walizuia asiingizwe tangu mwaka 2008, wakihofia wanyama wao wadogo. Nilipomsomea mama haya alisema ni ubaguzi. Nikanyamaza, nikamwongezea Jabari maji.

Na wengine wanamfuga babu mwenyewe kwa siri. Mwaka 2023 huko Cincinnati, jimbo hilihili, mnyama aliruka kutoka kwenye gari polisi walipolisimamisha, akapanda mtini. Kwanza walidhani ni chotara. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha ni mondo halisi, jina Amiry, mguu umevunjika, na damu ina kokeini. Narudia kwa faida ya Zuhura: kokeini. Sasa anatunzwa katika bustani ya wanyama ya mji huo na hali yake njema. Wezi wako wa kuku, Mjomba, walau wanafanya kazi wakiwa na akili timamu.

Kinachonisikitisha, nje ya mzaha, ni kinga. Chanjo za kichaa cha mbwa huku zimeidhinishwa kwa wanyama wa kufugwa waliotajwa, paka akiwemo, lakini machotara wa mnyama pori hawamo. Daktari akikubali humchoma hivyohivyo. Tatizo ni kwamba siku aking'ata mtu, serikali inaweza kumhesabu kama hajachanjwa, na kipimo cha kichaa cha mbwa hufanywa kwenye ubongo, na ubongo hauchukuliwi kwa mgonjwa anayebaki hai. Ndiyo maana Jabari aking'ata kidole changu kwa mchezo, mama hunitazama usoni kwanza kuona kama nitasema, ndipo anautazama mkono. Sisemi. Yeye hakuomba kuzaliwa nusu huku nusu kule. Waliotaka pori sebuleni ni watu, na pori likikojolea zulia wanapiga simu kwenye vituo vya kuhifadhi wanyama wakiuliza kama kuna nafasi.

Mama si wa kundi hilo. Yeye amepata suluhisho jingine: amenifanya mimi kuwa mtaalamu. Kwa kuwa natoka Kondoa anaamini nimekua kati ya mondo, na kila jambo ananiuliza. Kwa nini anakaa tuli dakika nzima akiinamisha masikio kwenye zulia? Nikamwambia anasikiliza panya walio chini ya ardhi; mondo huwinda kwa masikio, kisha huruka juu na kumwangukia panya kichwani. Nikamtajia na mtafiti Aadje Geertsema, aliyewafuatilia mondo kule kreta ya Ngorongoro na kuandika mwaka 1985 kwamba karibu nusu ya miruko yao huleta kitu. Hiyo niliisoma maktaba, lakini nilimweleza kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. Na kweli, wiki ileile fundi bomba alifunua sakafu na kukuta panya. Tangu hapo neno langu ni la mwisho. Hayo mengine yote, Mjomba, nakunukuu wewe. Uliyokuwa ukituambia, kwamba mondo anakula panya wa shamba wengi kuliko kuku, na kwamba hasara ni ya banda bovu wala si ya mondo, nayauza hapa kama elimu.

Ndiyo maana nakuandikia mapema. Mama amekata shauri kuja huko kwetu Kolo, Kondoa, mwezi wa saba. Anataka kuona michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2006, na anataka kuwaona, kwa maneno yake, ndugu wa Jabari wakiwa huru. Jabari haji, viza imemshinda. Nimemwahidi mama kwamba atalala kwako.

Kwa hiyo naomba haya. Mama Zuhura asimpikie kuku siku ya kwanza, atadhani ni wa paka. Watu wasikuite Jabari mbele yake. "Baba Zuhura" inatosha, maana akisikia lile jina atasema "shuka mezani" kwa mazoea. Na ile ngozi yenye mabaka iliyotundikwa sebuleni, juu ya redio, iondoe. Najua ni ya yule aliyemaliza matetea, na najua ulimpata kihalali ndani ya banda lako mwenyewe. Iondoe hata hivyo. Mpelekee Mzee Iddi akufichie mpaka mama apande basi la kurudi Dodoma. Asipokubali, mwambie Zuhura aitandike chini ya godoro la wageni, ila ageuze upande wa manyoya uangalie chini.

Hela ya waya mpya nimetuma jana kwa simu.

Wasalaam,
Mpwa wako