Betri Inataka Sebule

Betri za sola zikikufia nyumbani, mtaa mzima hugeuka chuo cha ufundi. Mtu uliyezoea kumwona akikaanga mihogo anakuuliza, uso umekunjamana, kama uliangalia plati. Wa bodaboda ana ushauri. Mjumbe ana ushauri pamoja na namba ya simu ya mpwa wake anayeuza. Hata mama wa genge, ambaye betri yake kubwa ni ya tochi, alinishika mkono akanipa pole, kisha akaninong'oneza: "Baba Neema, chukua N70 tu. Haijawahi kumwangusha mtu."

Huku kwetu Kigamboni ya ndani nguzo za umeme zimeshafika, nyaya ndizo bado. Nguzo zinatumika kubandikia matangazo ya waganga na viwanja. Sisi tunaishi kwa jua: paneli juu ya bati, inveta ukutani, na stoo betri mbili za maji ambazo zimetutumikia hadi zikachoka. Zilianza kufa wakati wa taarifa ya habari. Mtangazaji anasema "na sasa tuelekee", inveta inalia pii, pii, pii, halafu giza. Hadi leo sijui tulikuwa tunaelekea wapi.

Fundi alikuja saa sita mchana, jua likiwa utosini. Akachomeka mita, ikasoma 13.6. "Mzee wangu, betri nzima hizi, zimejaa tele," akasema, akaanza kukunja nyaya zake. Jamani! Saa sita mchana paneli zinasukuma moto ndani ya betri. Hata betri iliyokwisha zamani itasoma hivyo. Betri hupimwa ikiwa imepumzika saa kadhaa, haichajiwi wala haitumiki. Hapo ndipo 12.7 inamaanisha imejaa, 12.2 imebaki nusu, na ikiteremka chini ya 12 ujue unaila mifupa. Na hata namba hiyo isikulevye. Washa feni na televisheni kwa pamoja usiku, uitazame mita: betri nzima itayumba kidogo itulie, lakini yangu iliporomoka mpaka 10 na ushee kabla sijamaliza kuvaa miwani. Fundi nilipomweleza akajibu kwamba basi huo ni upepo mbaya. Nauli akachukua.

Ushauri wake wa pili ulikuwa tununue betri moja mpya tuifunge pamoja na zile mbili za zamani "ili izisaidie". Nasikia mafundi wengi wanalipenda wazo hili, na wenye nyumba pia, maana linanukia nafuu. Betri mpya ukiifunga na kongwe ni sawa na kijana aliyepata ajira mwezi huu: kabla hajapokea mshahara wa pili, wajomba, mabinamu na mashangazi wameshahamia kwake na magodoro. Zile kongwe hazijai, kwa hiyo usiku kucha zinaifyonza mpya, na baada ya muda mfupi una kongwe tatu. Betri zinazofungwa pamoja zinunuliwe siku moja, ziwe aina moja na ukubwa mmoja, basi.

Nikaenda Kariakoo.

Kariakoo kila betri ni orijino na kila muuzaji ni mtu wa Mungu. Nilionyeshwa betri yenye bendera ya Ujerumani, maandishi ya Kichina na karatasi ya udhamini ya Kiingereza kibovu, pembeni imeandikwa 200Ah kwa tarakimu kubwa kama za jezi. Sasa hapa kuna jambo moja ambalo stika haiwezi kulificha. Ndani ya betri ya asidi kuna risasi, na risasi ni nzito. Betri ya kweli ya volti 12 na ampea-saa 200 inakaribia kilo 60. Ukiinyanyua unatakiwa kusikia kiuno kikiitika. Hii nilishika mpini wake kwa mkono mmoja, wa pili bado umeshika simu, ikapanda. Nikamtazama kijana. Naye akanitazama.

"Bosi, teknolojia mpya hiyo. Wamepunguza uzito."

"Na risasi je?"

"Hiyo nayo wamepunguza."

Walau alikuwa mkweli.

Na ile N70 ya mama wa genge? Ni betri ya gari. Plati zake ni nyembamba na nyingi, ili itoe moto mkubwa kwa sekunde chache starta izunguke, kisha altaneta ya gari iirudishie papo hapo. Kazi yake inaishia hapo. Ukiipeleka nyumbani ikawashe taa na feni hadi alfajiri, kila usiku unaikausha mpaka chini, na haitamaliza mwaka na heshima yake. Betri ya sola inataka plati nene zinazovumilia kushuka na kupanda kila siku. Wauzaji huiita dipu saiko, na baadhi yao huibandika jina hilo betri yoyote iliyo karibu na mlango.

Tuseme umepata ya kweli, ya 200. Zidisha kwa volti 12, unapata wati-saa 2,400. Hapo mtu hutabasamu, akapiga hesabu ya televisheni, feni, taa na friji ndogo, akaona ziada. Hakuna ziada. Betri ya risasi ukitaka ikae miaka, usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo umebaki na 1,200. Humo toa mlo wa inveta yenyewe, ambayo hata nyumba yote ikilala bado inakula wati kumi, kumi na tano hivi, mchana na usiku, kwa kazi ya kuwasha kitaa chake cha kijani. Halafu ile 200 ya kwenye stika hupimwa kwa kunyonya ampea 10 taratibu kwa saa 20. Nani anaishi hivyo? Kwangu mimi watu wanapiga pasi. Pasi ya wati 1,200 inavuta zaidi ya ampea 100 kwa mpigo, na betri ya risasi ikivutwa kwa fujo namna hiyo haitoi hata kile ilichokuahidi. Sketi moja ya shule, marinda kumi na mawili, ni mechi nzima ya mpira.

Nimebandika tangazo juu ya inveta: PASI, BLENDA NA HITA HAPANA BAADA YA SAA KUMI NA MOJA JIONI. Limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Shemeji yangu alipokuja kutusalimu alilisoma lote, kwa sauti, akatikisa kichwa kukubali, kisha akachomeka hita ya kuchemshia maji ya kuoga. "Shem, si jua bado lipo?" Lilikuwepo, ndiyo, kule Kigoma labda.

Nisisahau malezi, maana betri ya maji huinunui, unaichukua kuilea. Kila baada ya wiki kadhaa unafungua vifuniko sita, unachungulia na tochi. Plati zisionekane kichwa nje ya maji; zikionekana, zimeshaanza kuungua. Unaongeza maji, na hapa wataalamu wa mtaa hurudi kwa nguvu mpya. Mmoja anasema maji ya chupa ya kunywa yanatosha. Hayatoshi, yana madini. Mwingine anasema asidi, kwa sababu asidi ndiyo nguvu. Asidi haipungui kwa kuchaji, kinachopungua ni maji; ukiongeza asidi unazikaanga plati ukiwa unatabasamu. Ni maji yaliyotoneshwa tu, yale ya chupa yanayouzwa vituo vya mafuta, na uyatie baada ya betri kujaa, kwa sababu ikijaa maji hupanda. Ukitia kabla, jioni utakuta yamefurika sakafuni.

Yakifurika, mtu atafuta. Kwetu yalifutwa na kanga iliyokuwa kwenye kamba, sitaji na nani, maana mtuhumiwa ana miaka tisa na kesi bado inaendelea. Kanga ilikauka ikawa nzuri kabisa. Ilipofuliwa ndipo ikafunguka matundu, moja, mawili, kumi, hadi maandishi ya chini yakasomeka nusu nusu. Kinachoniuma ni kwamba Mama Neema hamlaumu mtoto wala asidi. Anazilaumu betri, na mimi ndiye msemaji wao.

Kisha kuna ule unga mweupe wenye ukijani unaoota kwenye vichwa vya betri. Unafungua nyaya, unasugua kwa brashi na maji ya moto yenye magadi, unakausha, unakaza vizuri, mwisho unapaka mafuta ya mgando ili usirudi. Mafuta ya mgando ya nani? Ndani ya nyumba yetu hilo swali halina jibu la amani.

Lakini kero kubwa kuliko zote ni joto. Watengenezaji hupima maisha ya betri ya risasi kwenye nyuzi 25, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hukata maisha yake nusu. Dar es Salaam ya Januari na Februari nyuzi 25 utazikuta saa kumi za alfajiri, tena kwa bahati. Stoo yangu chini ya bati mchana unaweza kuoka mkate. Kwa hiyo betri inataka chumba chenye kivuli, chenye hewa inayopita, kisicho na vumbi, mbali na moto kwa sababu betri ya maji ikichajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni haitaki mzaha wala kiberiti. Chumba cha namna hiyo kwetu ni kimoja: sebule. Nilipendekeza, kwa adabu zote, betri zihamie pale ilipo kabati la vyombo vya wageni. Kikao kilikuwa kifupi.

Ndipo nikaanza kuiangalia lithiamu, yaani ile ya chuma na fosfeti. Haitiwi maji, haioti unga, haitoi hewa ya kulipuka ikichajiwa kawaida, uzito wake hata nusu ya mwenzake haufiki, na unaweza kuitumia hadi asilimia 80 au zaidi bila dhambi. Maana yake, ya ampea-saa 100 inakupa karibu sawa na ya risasi ya 200, na inavumilia kujazwa na kumalizwa mara elfu kadhaa. Profesa John Goodenough, ambaye maabara yake kule Texas ndiyo iliyotoa kemia hii miaka ya 1990, alipewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2019 kwa kazi yake ya betri za lithiamu akiwa na miaka 97. Nilipotajiwa bei nikaona huo ndio umri nitakaomaliza mkopo wa vikoba.

Nimeinunua. Msiniulize shilingi ngapi, mwulizeni mwekahazina. Hata yenyewe ina visirani vyake. Volti zake hazitingishiki: inakaa pale pale 13 na kidogo karibu usiku mzima, unadhani imejaa, kumbe inakaribia mwisho, na ikifika mwisho kibodi chake cha ulinzi kinakata ghafla. Ya risasi walau ilikuwa inafifia, taa zinakuwa njano, mtu anapata muda wa kutafuta ndala. Na kontrola ya chaji lazima ipangwe upya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na mtindo wa kuichemsha betri ya maji mara kwa mara kwa volti za juu, jambo ambalo lithiamu hailitaki kabisa. Fundi anajua kuipanga. Yuko njiani tangu Jumatatu.

Zile kongwe alikuja kuziulizia jamaa wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, mizani mkononi. Nilimwuliza atazifanyia nini, akasema kwa moyo mkunjufu kwamba wanapasua kwa shoka, asidi wanamwaga, risasi wanayeyusha. Mwaka 2020 mahakama nchini Kenya iliamuru wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya kwa sababu ya kiwanda kilichokuwa kinayeyusha betri pembeni ya nyumba zao; watoto walikutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido alianza kuipigania kesi ile baada ya mwanawe anayenyonya kuugua. Jamaa wa mkokoteni alitoa bei nzuri, nikakataa, naye akanishangaa. Nimezirudisha, kwa punguzo dogo, kwa muuzaji aliyeahidi zitakwenda kiwandani, na risiti ninayo.

Udhamini wa lithiamu ni miaka mitano. Nimeusoma usiku, maandishi ni madogo kama sisimizi. Ikiharibika niirudishe dukani na risiti, stika isiwe imebanduka, na iwe ndani ya boksi lake halisi. Boksi lipo. Liko nyuma ya jiko na ndani yake kuna kuku wa Mama Neema anaatamia mayai kumi na moja, ameanza juzi, na kuku hukaa siku 21. Anadonoa. Nimempigia fundi aje kabla hajaiwasha mtu mwingine hiyo kontrola, akaniambia ameshavuka feri, nisikie hata honi. Nilichosikia ni jogoo.