Piki Iliyopanda Piki

Boxer ilikuwa chini, Yamaha ilikuwa juu. Hivyo ndivyo zilivyoteremka kutoka Keroka hadi Kisii mjini, Ijumaa mchana, mbele ya watu ambao hawakuwa na haraka ya kwenda kokote. Kijana wa bodaboda alishika usukani wa ile ya chini. Mwenye piki, aliyebanwa kwenye keria nyuma kabisa, alishika usukani wa ile ya juu, ambao haukuongoza chochote. Yamaha AG100 ya miaka ya 1980, yenye rangi mpya na nikeli iliyosuguliwa ikasuguka, ilikuwa imelazwa kwa upana na kufungwa kwa mipira ya tyubu, magurudumu yakining'inia kushoto na kulia kama mbuzi anayepelekwa kwa wakwe.

Keumbu walipunguza mwendo kwenye matuta, na mama mmoja aliyekuwa akipanga ndizi zake akapata nafasi ya kuuliza.

"Baba, hiyo ya juu ina nini?"

"Ni kabureta tu, mama."

"Pole sana. Na hii ya chini haina kabureta?"

Ilikuwa nayo. Kijana aliyekuwa akiendesha hakusema neno, ila mabega yake yalitikisika hadi Kisii. Alipofika alidai nauli ya abiria wawili, na ya mzigo juu yake.

Ilikuwa imezimikia Keroka, na si Keroka popote, bali katikati ya mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira zimekuwa zikivutania mpaka wake na ushuru wake. Kwa hesabu za waliokuwapo, gurudumu la mbele lilikuwa Nyamira na la nyuma lilikuwa Kisii. Steji nzima ikaingia katika shauri la kaunti ipi inastahili ada ya maegesho, shauri lililoendeshwa kwa umakini ambao piki yenyewe haikuupata. Mwenye piki alikuwa akikanyaga stata. Kila akikanyaga, injini inakohoa, inatoa moshi mzito, inanyamaza. Mzee mmoja mwenye gambuti alikuja akasimama karibu, akaitazama kwa mapenzi ya kweli.

"Hii ndiyo alikuwa nayo bwana shamba wetu," alisema. "Ilikuwa inazima hivi hivi."

Plagi ilipofunguliwa ilikuwa nyeusi na imelowa, ilhali plagi ya injini yenye afya hutoka na rangi ya kahawia hafifu. Vijana wa steji waliipokezana mkono kwa mkono, kila mmoja akainusa, kila mmoja akatikisa kichwa. Mmoja alipendekeza petroli ibadilishwe. Mwingine alipendekeza mwenyewe abadilishwe.

Haki itendeke: AG100 ni mashine ya heshima. Yamaha iliitengenezea watu wa mashamba. Mnyororo wake umefunikwa wote usile matope, na stendi zake ni mbili, moja kila upande, ili mtu aiegeshe hata mteremko ukiinamia wapi. Hiyo ni hekima kubwa kwa Gusii, ambako kila kipande cha ardhi tambarare kimeshajengwa kanisa. Siku hiyo stendi zote mbili zilielekea mbinguni.

Kuhusu kabureta, mtu akishaielewa anaona kwamba haikuwa na njia nyingine ila kuzima. Haina umeme, haina kompyuta, haipigi hesabu. Kazi yote inafanywa na umbo lake. Pistoni inavuta hewa, na hewa hiyo inapita kwenye koo lililobanwa katikati. Ikifika penye wembamba inakwenda mbio zaidi, na ikienda mbio mgandamizo wake unashuka. Daniel Bernoulli alichapisha kanuni hiyo mwaka 1738. Jina lililobaki kwenye koo lenyewe ni la Mwitaliano Giovanni Battista Venturi. Chini ya koo kuna bakuli la petroli, na ndani yake boya linalopanda na kushuka, likifunga na kufungua mlango wa mafuta ili kina kisibadilike. Juu ya petroli ya bakuli kuna mgandamizo wa hewa ya nje. Kooni mgandamizo ni mdogo. Tofauti hiyo inatosha. Watu husema injini inanyonya petroli, lakini petroli inasukumwa, tena na anga lote lililo juu ya Kisii, ipenye kwenye tundu jembamba la jeti na kupasuka kuwa ukungu.

Wahungari Donát Bánki na János Csonka, na Mjerumani Wilhelm Maybach, walifikia kabureta ya kunyunyiza ya namna hii mwaka uleule wa 1893. Inasimuliwa kwamba Wahungari hao walipata fikra kwa kumtazama muuza maua wa Budapest aliyerashia maua yake maji kwa kupuliza. Huenda ni hadithi tu, ila ni hadithi inayompa fundi ruhusa ya kukaa sokoni bila kazi.

Uhondo wenyewe uko kwenye mgawanyo wa madaraka. Akselereta ikiwa imefungwa, wanaotawala ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Ikifunguliwa kutoka robo hadi robo tatu, neno ni la sindano, yenye mikato shingoni na klipu ya kuhamishwa: klipu ikishushwa mkato mmoja, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Robo ya mwisho ni ya jeti kuu. Kwa hiyo piki inaweza kunguruma uani kwa utulivu wa kupigiwa mfano, majirani wakaja kuisifu, skrubu ya hewa ikachukua sifa zote, na jeti kuu isiwe imeulizwa swali hata moja. Swali liliulizwa mlimani, baada ya Keumbu, akselereta ikiwa imefunguliwa yote.

Tena liliulizwa mahali penye hewa haba. Gramu 1 ya petroli hutaka takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote isibakize kitu. Kwa kipimo hicho, lita 1 ya petroli inakula kama lita 9,000 za hewa ya Mombasa. Kisii mjini iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapo lita ileile inahitaji karibu lita 11,000, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban moja ya tano. Vilima vya Nyamira vinapita mita 2,000. Kabureta haina habari na hayo. Inapima hewa kwa ujazo wake, haijui uzito, hivyo inaendelea kumimina petroli ya watu wa pwani. Makao makuu ya Yamaha yako Iwata, mji wa Japani ulio kando ya bahari.

Hadi hapo ni fizikia, na fizikia haina chuki na mtu. Mafuta ni jambo lingine. Yaliyokuwa tangini siku hiyo yalinunuliwa mahali pasipotajwa, na yalinuka taa. Tone la petroli safi likiwekwa kwenye karatasi hukauka bila kuacha alama; lile lililochanganywa na mafuta taa huacha doa. Oili ya piki hii ina tangi lake la pembeni, kwa hiyo doa halikuwa na mtu wa kusingiziwa. Mwenye piki alikuwa amesoma plagi nyeusi, akateremsha sindano, akasoma tena, akageuza skrubu, akitibu kabureta maradhi yaliyomiminwa kutoka kwenye pampu.

Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili bei yake isogelee ya dizeli na wachanganyaji wakose faida. Mantiki yake inaeleweka. Ila anayelipa ni mama wa Nyamira anayewasha stovu usiku apashe uji wa mtoto, ambaye maishani mwake hajachanganya kitu ila unga wa wimbi na maji. Yeye anatozwa faini kabla ya kosa, lita kwa lita, bila kesi na bila wakili. Mchanganyaji lazima kwanza akamatwe, kisha ashtakiwe, kisha apewe dhamana. Na baada ya mama huyo kulipa zote hizo, tangi la Yamaha bado linanuka taa.

Yaliyofuata ni madogo. Boya lilikwama usiku, petroli ikavuja bandani, kuku wakahamia kwa jirani. Waya wa akselereta ulikataa kurudi mbele ya kanisa, waumini wakiwa kwenye sala ya kimya. Mvua ya alasiri, ambayo Kisii haimnyimi mtu, iliingia kwenye kichujio cha hewa.

Ikabaki jeti kuu. Duka la spea lilikuwa na droo nzima ya jeti, kila moja imepigwa nambari, na ukizielekeza kwenye mwanga unaona yenye nambari ndogo ina tundu dogo kuliko mwenzake.

"Ya Boxer?" aliuliza muuzaji.

"Ya Yamaha AG100. Lakini nataka iliyo ndogo kuliko ya kiwandani, kwa sababu ya mwinuko wa huku."

Muuzaji alifikiri. "Hizi zote, mzee, ziko huku mlimani tangu mwaka jana. Zimeshazoea." Akachagua moja, akaipuliza vumbi, akaiweka juu ya kaunta. "Chukua hii ya Boxer. Ukiigonga kidogo itaingia."

Nyundo alikuwa nayo tayari.