Mzigo Umeingia Leo, Mama

Wapo wenzetu ambao mitumba hawaigusi. Wao hununua "nguo za dukani", penye kiyoyozi na kioo kirefu. Haya. Ila ukidamka kwenda soko la Karume, Ilala, robota likifunguliwa, utamkuta mwenye duka hilohilo na tochi ya simu: anakagua kwapa, anajaribu zipu, anavuta mshono. Anaondoka na daraja la kwanza. Mchana gauni limepigwa pasi, limepuliziwa manukato, limetundikwa, na bei imezaa. Mteja anauliza, "Mzigo mpya huu?" Anajibiwa, "Umeingia leo, mama." Wala hajadanganywa.

Wanaojiona wajanja zaidi hukimbilia Kariakoo, kwenye mzigo wa Guangzhou: gauni moja, rangi nne, mji mzima. Jumamosi ukumbini wanakutana watatu, kila mmoja na "mtindo wangu mwenyewe", wanachekeana kwa meno tu.

Anayejua kuvaa yuko kwa fundi, gauni lake la shilingi 5,000 linapunguzwa kiuno. Ukimsifia, bei atakutajia bila kuulizwa. Mwulize sasa fundi wake yuko mtaa gani, uone atakavyokumbuka ghafla kwamba ameacha chungu jikoni.