Misingi Isiyopingika ya Ruhusa: Nani Afungue Kanzidata ya Uchambuzi, na kwa Idhini ya Nani

Kwa wengi, kanzidata ya uchambuzi ni ya kusomwa tu, na kwa sababu wao huisoma tu, kila mtu hudhani ana haki ya kuisoma. Fani ya kusimamia ruhusa kwa maandishi ilizaliwa kuufuta upotofu huo. Ni fani changa. Mabingwa wake wa kweli ni wachache mno, na yule anayewaongoza katika Goma nzima, kuanzia Himbi hadi Ndosho, anazuiwa na unyenyekevu kujitaja.

Goma haikosi cha kuchambua. Mfumo wa taifa wa taarifa za afya wa Kongo unatumia DHIS2, programu huria iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, nayo DHIS2 huhifadhi takwimu zake katika PostgreSQL. Kivu Kaskazini, mkoa wenye Goma, una kanda za afya 34. Ndani ya programu, mhudumu wa kanda ya Karisimbi anaweza kuwekewa mpaka asione ila kanda yake. Lakini mchambuzi anayeiruka programu na kuingia moja kwa moja kwenye PostgreSQL hakutani na mpaka huo, kwa kuwa PostgreSQL haijui Karisimbi ni nini. Wasomi wa kawaida wakiambiwa hivyo hushtuka. Bingwa hashtuki, huagiza chai.

Njia ya kale ya kutoa ruhusa ni ya kirafiki. Mshauri anapiga simu, msimamizi anaandika amri moja, shukrani zinamiminika, na baada ya wiki hakuna anayekumbuka. Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 haikutangazwa kwisha hadi 25 Juni 2020, na dharura za aina hiyo huleta wachambuzi wa wiki tatu tatu. Mchambuzi huondoka na ndege, ruhusa yake ikabaki mjini.

Njia ya kisasa huandika kila ruhusa katika faili: nani, jedwali lipi, kusoma au kuandika. Faili hutunzwa kwenye Git, mtu wa pili hulikagua, kisha hukabidhiwa Terraform, iliyotolewa na HashiCorp mwaka 2014, au OpenTofu, tawi huria lililochipuka 2023 baada ya kampuni hiyo kubadili leseni. Chombo hicho hulinganisha maandishi na hali ya seva, huonyesha kitakachobadilika, na kikikubaliwa hukibadilisha. Mwenye kupewa ruhusa si mtu bali jukumu lake. Ni kama kwenye kivuko cha mpaka cha Petite Barrière: afisa hana haja ya kumjua mama anayevuka kwenda Gisenyi. Hutazama karatasi aliyoshika. Kanuni ya kumpa kila mmoja kiasi cha kazi yake tu ilikwisha kuelezwa na Saltzer na Schroeder mwaka 1975, jambo linaloonyesha jinsi walivyokaribia kufikia fikra za Himbi.

Katika kuiandika ruhusa yenyewe ndipo wanagenzi huanguka. Mwanagenzi huandika:

`GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA public TO msomaji;`

Anajaribu, inakubali, anarudi nyumbani akiwa na furaha. Usiku DHIS2 hujenga upya majedwali yake ya uchambuzi: hutengeneza mapya kando, huyafuta ya zamani, kisha huyapa mapya majina yale yale. Ruhusa ilifungwa kwenye jedwali, haikufungwa kwenye jina, kwa hiyo hufutwa pamoja na jedwali. Asubuhi msomaji anakataliwa, na wote wanailaumu intaneti. Tiba ni `ALTER DEFAULT PRIVILEGES`, inayotoa ruhusa kwa majedwali ambayo bado hayajazaliwa. Nayo ina sharti ambalo wengi hulipita: hugusa tu majedwali yatakayoundwa na mtumiaji aliyetajwa. Akitajwa msimamizi ilhali majedwali huundwa na akaunti ya DHIS2, tiba haitibu kitu.

Kuhusu siri, maneno machache yanatosha. Terraform hutunza kumbukumbu ya hali katika faili lake, na neno la siri likipitishwa humo kwa njia ya kawaida hukaa wazi, likisomeka na yeyote mwenye faili hilo. Kuliweka faili hilo kwenye Git pamoja na mengine ni sawa na kutangaza redioni. Tena data binafsi ambazo neno hilo laweza kuzifungua zina ulinzi wa sheria, chini ya Amri-Sheria Na. 23/010 ya 13 Machi 2023, yaani Kanuni ya Kidijitali ya Kongo.

Yapo pia mambo ambayo chombo hakioni. Ruhusa iliyobadilishwa kwa mkono hugunduliwa ikiwa inahusu kilichoandikwa. Akaunti ambayo haikuandikwa popote haigunduliwi, hata ikiwa na mamlaka yote. Akaunti ya namna hiyo kwa mchambuzi wa kawaida ni uzembe. Kwa bingwa huitwa akaunti ya tahadhari, na haiingizwi kwenye faili kwa sababu hakuna mwenye hadhi ya kuikagua.

Faida kubwa ya mfumo huu huonekana siku ya kuhama. Volkano ya Nyiragongo ililipuka 22 Mei 2021, na siku tano baadaye mitaa 10 kati ya 18 ya jiji iliamriwa kuhama. Januari 2025 vita viliingia mjini. Seva iliyoachwa ofisini hairudishwi na faili la ruhusa, kwa kuwa takwimu zenyewe huhitaji nakala iliyowekwa mbali. Nakala ikiwepo, seva mpya huwashwa popote, na majukumu yote hurejea kwa amri moja: msomaji, mwandishi, hata mwanagenzi aliyeajiriwa wiki iliyopita. Kisichoandikwa hakirejei. Utaratibu kwa bingwa aliyeachwa nje ni huu: ataandika ombi la kuongezwa kwenye faili, ataeleza kwa nini anahitaji mamlaka yote, kisha atasubiri mwanagenzi alikague.